Rangi ya Supu ya Njegere

Miaka thelathini na minane nimechonga meno ya watu wa Olomouc,
magego ya waokaji, chonge za walimu wa muziki,
kila jino nikalipaka umanjano wake,
kwa kuwa jino jeupe pepe ni jino la uongo.
Sasa meno nimewaachia vijana na mashine zao.
Kibanio, msasa, kisu chenye ncha ya sindano
nimekuja navyo nyumbani, na kwenye meza ya jikoni
naunda ndege.

Moja tu. Ile ile. Hii ni ya nne.
Ya kwanza niliizidishia gundi, kioo chake kikaota ukungu.
Ya pili ilikaliwa na paka.
Ya tatu siisemi.

Ina mabawa pacha, la juu na la chini,
na kati yake nyaya ambazo kiwandani hawakuzitia.
Nazitengeneza mwenyewe: nashika kijiti cha plastiki juu ya mshumaa,
nangoja kilegee, king'ae kama kinachotoka jasho,
halafu navuta, pumzi nimeibana,
mpaka kiwe uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Ukivuta kwa hofu, hukatika.
Ukivuta kwa pupa, hukatika.
Nimekata nyingi.

Ncha ya bawa hadi ncha ya bawa haizidi shubiri yangu.

Kazi ni rangi.
Picha ninayo moja, nyeusi na nyeupe:
baba amesimama kando ya gurudumu, spana mkononi,
amekunja uso kwa jua la Agosti, mwaka wa thelathini na nane.
Kijivu cha picha hakisemi ni kijani gani.
Chamani kwetu Bwana Zbyněk anaapa ni kijani cha mzeituni;
Bwana Lubomír ana kopo lake, na namba ya kopo,
na daftari la namba za makopo.
Waligombana Jumanne nzima hadi bia ikaishiwa povu.

Mimi nilimuuliza mwenyewe, hospitalini,
mirija puani. Akafikiri sana.
"Supu ya njegere," akasema. "Ya kambini. Ya siku ya pili."

Basi nimepika.
Nimeiacha ilale. Asubuhi nimechovya kijiko,
nimekiweka dirishani kwenye mwanga wa kaskazini,
na kando yake nimekoroga: kijani, kahawia,
tone la manjano, tone la maji machafu ya brashi.
Jirani ameuliza kama nina mgeni.

Ndege ya baba haikupigana.
Vuli ile ilijazwa mafuta kila alfajiri,
risasi zikapangwa kama punje kwenye gunzi,
na kila jioni amri haikuja.
Kisha Machi, theluji ya majimaji,
wakaja wenye orodha na kalamu,
wakahesabu mabawa, wakahesabu magurudumu,
baba akatia saini: moja, nzima, inaruka.
Mkono wake ulifanyaje, sijui. Hilo hakulisema.

Alisema hili tu: ubavuni kushoto, chini ya kiti cha rubani,
palikuwa na kiraka. Alikigongomea yeye.
Rangi ya bohari ilikuwa imekwisha,
akapaka iliyosalia ya mabenchi ya bustani.

Waamuzi wa mashindano wana kurunzi ndogo na miwani ya sonara.
Yule wa Brno aliinama hadi pumzi yake ikatikisa nyaya zangu.
Nyaya, safi. Injini, safi. Nembo za duara hazina hata kipovu.
Kisha kidole kikasimama hewani, ubavuni kushoto.
"Mama, hapa rangi imekuponyoka. Nakutoa alama mbili."
Nikamwambia toa.
Akaandika.

Nimeirudisha ndani ya sanduku la viatu, pamba kila upande.
Kwenye kiti cha rubani sikuweka mtu.
Juu ya bawa la chini nimeacha spana,
ndogo kuliko chenga ya mchele;
nimeichonga kwa sindano ile ile
niliyochorea mifereji ya magego.
Ukitazama haraka utadhani ni vumbi.
Usipulize.