Mvumo

Mulandi alikosa Jumatatu.
Si kwa kupenda. Kadi ilipitishwa mara tatu,
mara tatu mtandao ukalala,
na kijana wa dirishani akamwambia, mzee, jaribu kesho,
kana kwamba damu ni hati ya kiwanja.

Jumatano akaja akiburuta viatu.
"Sista, leo miguu si yangu."
Nikamuuliza amekula nini. Akatazama dari.
Mpwa wake alikuwa anaposwa, Kangundo:
parachichi, ndizi mbivu, maharagwe na mchuzi wake.
"Kidogo tu."
Kidogo ya Mulandi naijua.

Ni fundi wa friji, Kariobangi.
Mwaka wa nne huu ananiletea mkono wake wa kushoto,
pale walipoushona mshipa kwa mshipa,
na kabla sijamchoma hunisihi, "Shika kwanza.
Kompresa iko sawa?"
Nami hushika. Huvuma chini ya kidole
kama friji ya jirani usiku wa manane,
ile inayokuudhi mpaka umeme ukatike.

Sindano zilikuwa zimeshaingia, mirija bado,
kioo kilipoanza kuchora mahema,
mahema marefu yenye ncha,
kisha yakalegea, yakatanuka,
yakawa kama mwandiko wa mtu anayesinzia,
kisha mstari.

Nikashika mkono. Kimya.

Sijui nani aliangusha trei.
Namkumbuka Roba, mtu wa mashine tu, si daktari,
amepanda kitandani kwa magoti,
viganja katikati ya kifua, akihesabu Kiborana
kwa sababu Kiswahili kilimtoroka.
Daktari Atsali hakupaza sauti.
"Huyu moyo wake ni mzima. Umezama tu.
Kalsiamu. Tena. Sukari na insulini.
Na hiyo mashine, unganisheni."
"Huku tunambonyeza?"
"Huku mnambonyeza."

Hatukuwahi. Hapakuwa na karatasi ukutani
yenye picha ya jambo hilo.
Vidole vyangu viliunganisha mirija
kwenye mkono ambao mwenyewe hayumo,
na pampu ikazunguka, ikavuta
damu iliyosukumwa na jasho la Roba,
kisha jasho langu,
kisha la mwanafunzi mmoja, Cherotich,
aliyelia bila kupoteza hesabu.

Mlangoni, Syombua na koti la mumewe.
Ndani ya koti simu ikatetemeka.
Akaisoma. Akainyanyua juu tuione,
kana kwamba tulikuwa tunangoja ruhusa:
*Ombi lako limekubaliwa.*

Hakuna aliyejibu.
Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini. Pumzi.

Dakika ya ishirini na sita nilihisi kitu.
Nikadhani ni pampu. Nikadhani ni mimi,
maana na mimi nilikuwa natetemeka.
"Roba, acha."
Akaacha, viganja hewani.

Ukavuma.

Mnyonge, wa kukwama-kwama,
kama kitu cha mtumba kinachowashwa mara ya kwanza Gikomba
huku muuzaji akikuapia.
Lakini ulivuma. Nikamshikisha Daktari,
nikamshikisha Cherotich,
Syombua nikamvuta kwa kiwiko na koti lake,
nikaweka kidole chake pale.
Hakusema neno. Alishika kama mtu anayepima ugali wa moto.

Sitaki mtu anipigie makofi.
Mwaka huo huo wawili hatukuwapata,
na kwenye daftari langu la zamu, ukilifungua,
kila mmoja ana Jumatatu yake tupu.

Mulandi alirudi kitanda namba saba wiki ya tano,
amekonda, shati linamning'inia.
"Mbavu hizi alizivunja nani?"
Roba akajificha nyuma ya mapipa ya maji.
Nikashika mkono. Nikasikiliza zaidi ya inavyotakiwa.
Naye alikuwa ameinua shingo, anasikiliza kwingine,
pembeni, tunapohifadhi dawa.
"Sista, hiyo friji yenu inakohoa.
Msingoje ife."

Nikamwambia alale.