Wembe Mpya

Siku ya tisa. Nafungua bandeji.
Mshono umesimama wima katikati ya kifua,
mkavu juu, mkavu katikati,
na chini kabisa, karibu na tumbo,
pamelowa.
Si damu. Harufu hii naijua
kabla pua haijanisemesha.

Fomu inaniuliza, nami namuuliza mzee Chilongani.
Sukari? Ipo, tangu walipoweka lami njia ya Hombolo.
Sigara? "Niliacha."
Lini?
"Uliponitazama hivyo."
Uzito naandika mwenyewe, mizani haina adabu.
Saa sita mezani.
Mshipa wa mguu ulihamishiwa moyoni.
Usiku wa pili alirudishwa ndani, damu ilikataa kukatika.
Natia alama. Natia alama.

Nani alimnyoa kifua?

Hapo mzee anatafuta kitu darini.
Nje upepo wa Agosti unasukuma vumbi la Nkuhungu
hadi kwenye wavu wa dirisha, linagonga, linaomba kuingia.

"Mimi," anasema Sechelela,
chupa ya uji mapajani.
"Jumapili usiku, kwa tochi ya simu.
Nilimwambia mwanamume haendi kufunguliwa moyo
mbele za watu na manyoya kama beberu.
Wembe ulikuwa mpya, sista.
Niliununua mwenyewe. Nikampaka na mafuta."

Ningeweza kumwambia:
wembe huacha mikwaruzo jicho lisiyoiona,
kila mkwaruzo mlango ulioegeshwa,
na wadudu hawabishi hodi.
Hapa kwetu tuna mashine ndogo, inapunguza, haikwanguzi.
Nani alimwambia? Karatasi tuliyowapa
ilisema *njoo ukiwa msafi.*
Akaja akiwa msafi.

Mzee anacheka kidogo, anashika kifua, kicheko kinauma.
"Huyu kapogoa zabibu zangu miaka thelathini.
Mkasi anauchemsha kwanza,
maana kidonda cha mzabibu kikiingia uchafu
unaona majani mabichi, kumbe shina linaoza.
Anajua yote.
Hakujua tu kwamba na mimi ni shamba.
Tazama, hata nyaya mmenifunga."

Sechelela hacheki.
"Ni mimi?"

Ni sukari, mama. Ni saa sita, ni kurudishwa ndani,
ni sigara ambayo hakuacha,
ni karatasi yetu.
Na wembe, ndiyo.
Sikuuficha. Macho yake yangejua.

Nachukua usaha kwa pamba, naandika jina kwenye kichupa.
Anasimama, anakunja mikono ya kitenge,
"Nifundishe kunawa."
Tunanawa pamoja, sinki moja,
viganja, migongo, kati ya vidole,
na kucha zake zenye rangi ya mavuno
zinakataa kutoka zambarau.
Tunasugua tena.

Kwenye fomu nimeandika: *alinyolewa nyumbani, kwa wembe.*
Kisanduku kimejaa.
Pembeni, kwa herufi ndogo ambazo daktari hatazisoma,
nimeongeza: *mpya.*