Matone

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya Kidabaga
kama ng'ombe asiyetaka kuamshwa.
Nimevaa koti la marehemu baba, mifuko imetoboka,
kisu mkononi, naingia mianzini kugema.
Simu inaita. Ni Vitalis.
Kwao Uchina ni saa tano, ameshakula, anasema,
ila hajashiba.

"Umekula nini?"
"Wali. Jana wali. Juzi tambi.
Kaka, huku hata nyanya wanazitia sukari."

Namwacha aseme.
Anataja vitu kama mwenye duka anayesoma daftari la madeni:
kande za mama zilizoshika chini ya chungu,
mnafu usiotiwa mafuta, ule uchungu wake
unaokukunjisha uso halafu ukaongeza tonge,
viazi vya kufukia majivuni,
chumvi ya kuchovya ikiwa kiganjani mwa mwenzako.
"Na ulanzi je?" namchokoza.
Kimya.
Nikajua nimebonyeza jipu.

Alipoondoka alibeba chupa mbili.
Tulimwonya. Ulanzi hauna subira:
leo ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa,
kesho ni mkangafu, unampiga mtu mzima mwereka.
Chupa zikapasuka begini kabla basi halijafika Mikumi,
cheti chake cha kidato cha sita
kikanuka kilabu mpaka ng'ambo.

Sasa ananisimulia la jana, sauti ameishusha
kana kwamba mama yuko nyuma yake.
Nyuma ya bweni lao kuna bustani, na bustani ina mianzi,
minene, ya kijani, imesimama kama askari wa gwaride.
Miaka miwili ameipita akiangalia chini,
kama unavyompita shemeji anayekudai.
Jana usiku alishindwa.
Akachukua kisu cha vitunguu,
akainamisha chipukizi, akalikata ncha
vile baba alivyotufundisha, kwa mshazari, bila kulikomoa,
akakinga kikombe cha mswaki.
Akachuchumaa.
Nusu saa. Saa nzima.
Mwanzi wa watu, mkavu kama jicho la mdai.

Akaja mlinzi na tochi.
"Ukamwambiaje?"
"Kichina cha maabara ninacho. Cha kugema sina."
Akaonyesha kikombe, akaonyesha mwanzi, akaonyesha koo lake.
Mlinzi, mzee mmoja mwenye jino la fedha, akamtazama sana,
akazima tochi,
akachuchumaa naye.

Hapo tunacheka, yeye huko na mimi huku,
halafu mmoja wetu anaacha kucheka mapema mno.

"Gaudensi," anasema. "Usiseme kitu. Weka simu chini ya mwanzi."

Naiweka kwenye nyasi, palipo na umande,
karibu na mbeta niliyoitundika sasa hivi.
Tone.
Miaka ishirini nagema, sikuwahi kulisikia.
Nilisikia ndoo, nilisikia bei, nilisikia wanywaji wakigombana.
Tone.
Shangazi Otilia anapaza sauti kutoka uani,
mbuzi amekata kamba, yuko kwenye mahindi ya Mzee Kikoti.
Siitiki.
Tone. Nahesabu hadi tisa. Lingine.
Huko ng'ambo mtu anapumua ndani ya nyasi zetu.

Kisha simu ikakatika.
Sijui ni salio, sijui ni yeye.

Mbeta ile nikaifunga uzi mwekundu.
Nikawaambia watoto: hii msiiguse, ina mwenyewe.
Jioni nikarudi na kisu, nikachungulia,
nyuki watatu wanaelea, wamekufa wameshiba.
Nikawatoa kwa kidole, mmoja mmoja.
Nikanywa nimesimama, nikielekea bondeni.

Ulikuwa umeshaanza kugeuka.