Si ya Viazi

Miaka arobaini na mmoja nimekula siagi
wala sikuwahi kununua hata robo kilo.
Ilikuwepo tu, kama ukuta ulivyopo,
kama mvua ya huku Finistère isiyoomba ruhusa.
Annaïg aliichagua, Annaïg aliihifadhi;
mimi nilikuwa kisu, mkate na mdomo.

Akazikwa Novemba.
Siku ya tisa nikainua kile chombo chake cha udongo
cha vipande viwili: cha juu hushindiliwa siagi,
kikapinduliwa, kikalala kifudifudi
katika maji ya cha chini, hewa isipite.
Maji yalikuwa yameota utando.
Siagi ilinuka kama soksi za mwanajeshi.
Kumbe yale maji yalikuwa yakibadilishwa.
Kumbe kila baada ya siku mbili kuna mtu
alisimama hapa sinki, chumvi kidogo kiganjani,
nami nyuma yake naulizia gazeti.

Sokoni, Rozenn muuza maziwa
hakuniuliza hali. Aliniuliza: "Ya chumvi?"
Nikasema ndiyo; Mbretoni atakayesema hapana
akahesabiwe na wageni.
"Laini, au ya punje?"
Nikakwama kama mtoto aliyetumwa dukani
akasahau njiani alichotumwa.
Akakata kipande kwa waya, akanipa kwenye ncha ya kisu.
"Tazama rangi. Hii nyeupe ni ya majani makavu,
ng'ombe wamefungiwa zizini.
Ya Mei ndiyo njano, ya nyasi changa.
Ukiibonyeza isitoe machozi; inayolia maji
haikukandwa ikakandika.
Na usiiweke karibu na vitunguu, Tugdual.
Siagi ni mmbea: la jirani hulibeba lote."

Nikaibeba kwapani.
Nilipofika nyumbani koti lilikuwa limelowa.

Ya kwanza niliiunguza.
Ya pili niliiunguza nikiwa nimesimama naiangalia.
Ya tatu nikafumba macho, nikakumbuka
alivyokuwa akinipa mgongo, shingo kaiinamisha upande.
Nilidhani anaumwa shingo.
Alikuwa akisikiliza.
Siagi kikaangoni hupiga kelele kwanza,
chwaa, chwaa, maji yakiihama;
halafu povu hutulia, sauti hufifia,
na katika ukimya ule, hujahesabu tano,
hunukia lozi za kukaangwa.
Hapo toa. Hapo hapo. Ukisema ngoja kidogo
umevuna masizi.
(Hata hasira zake zilikuwa hivyo:
kelele hazikuwa kitu. Nilipaswa kuogopa aliponyamaza.)

Jumapili moja nikapata chapati ya ngano nyeusi isiyopasuka,
yai juu yake, siagi ikikimbilia kingoni.
Hakuna aliyeiona. Nikaila wima.

Januari, nikitafuta barafu ya kukandia goti,
nikakuta chini kabisa ya friza, nyuma ya njegere,
kifurushi kilichokunjwa pembe kwa pembe,
kikavishwa foili mara mbili.
Mwandiko wake wa penseli, umeegemea kushoto:
Mei. Ya keki ya Enora. Si ya viazi!

Enora ni mjukuu; anatimiza saba mwezi Machi.
Nikakishika mpaka vidole vikafa ganzi.
Rozenn anasema hata frizani siagi ina siku zake,
huchoka ndani kwa ndani, huchacha polepole,
uipende usiipende.
Nikahesabu kwa vidole. Miezi minane.

Nikakata robo tatu, nikaifunga upya, ya keki.
Kisha nikachemsha viazi vinne na maganda yake,
nikavipasua vikifuka mvuke,
nikaiweka juu ile robo,
njano kama jua lisilokuwepo dirishani.
Ikakaa. Ikalegea. Ikazama.
Nikala polepole,
shingo nimeiinamisha upande,
nikisubiri kugombezwa.