Inchi Tatu

Mama Aikaruwa alilileta gari siku ya manyunyu:
Haisi ya tisini na sita, foo-wili,
kitanda nyuma, jiko la gesi, sufuria mbili zikigombana,
mapazia ya kitenge kilichobaki
kwenye sare za harusi ya mpwa wake.
Akazima. Injini ikaendelea kutikisika kidogo
kama mtu aliyeambiwa akae na bado anasimulia.

"Ya petroli hii inakunywa kuliko shemeji yangu.
Itoe. Nitilie ya dizeli.
Halafu unipandishie inchi tatu."

Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma,
nikasikia nchi tatu.
Zipi, mama?
Akacheka mpaka akajishikiza kwenye kioo cha pembeni.
"Malawi," akasema. "Zambia.
Ya tatu bado naitafuta."

Hapa Pasua unga hutua juu ya grisi,
spana zetu zina mvi.
Injini niliifuata Arusha, Unga Limited, kwa Nanyaro,
imetolewa kwenye Prado iliyobiruka,
ikaja Moshi imelala ndani ya gunia
na oili ikiitoka kama mate ya mtoto.

Injini ya Haisi haitokei juu.
Iko chini ya viti;
unaishusha kwa jeki mbili, mbao, na dua.
Ndekirwa, mwanafunzi wangu, amelala chali juu ya boksi,
mimi nashika gia boksi kwa kifua,
na mama amechuchumaa pembeni, hataki kiti,
miaka thelathini na moja ya ukunga imemkaa machoni.
"Imetanguliza miguu," akasema. "Msivute. Ngojeni."
Tukangoja.
Ikateremka yenyewe, nzito, nyeusi.

Nami, kwa kutaka kumfurahisha:
Basi mama, leo tumezalisha.
Akanitazama.
"Niliowazalisha mimi
hakuna hata mmoja aliyetoka na namba ubavuni."

Kweli. Hii ina namba, namba ina kadi,
na kadi ina foleni yake pale mapato,
asubuhi mbili na mchana mmoja.

Sitasimulia wiki iliyofuata.
Mauntingi zilikataa. Nilikata, nikachomelea,
nikakata nilichokichomelea.
Mbele nikakaza toshenba,
nyuma nikaongeza jani kwenye springi, shokapu ndefu,
nikapima difu, nikapima krosi, nikapima tairi na tope la kufikirika,
na jioni mlima ulipojifunua
gari lilikuwa limesimama kama ndama
anayeshangaa kwamba ana miguu.

Akaja na viatu vya safari.
Akashika mlango, akainua mguu.
Goti likakataa.
Akajaribu la pili. Hilo halikujaribu hata kidogo.

Hakuna aliyecheka. Mashine ya kusaga nayo ilikuwa imekata umeme.
Nilipima kila chuma kwenye gari lile,
na yule atakayelipanda sikumpima.

"Lete futi," akasema.
Akavuta gauni mpaka kwenye ndizi ya mguu,
akanyanyua unyayo taratibu,
nami nikapiga magoti kwenye oili, nikasoma
kutoka ardhini mpaka pale goti liliposema basi:
sentimita ishirini na sita.

Vikono vya injini ya zamani vilikuwa bado vipo pembeni.
Nikavinyoosha kwa nyundo, nikavichomelea chini ya mlango,
ngazi moja, pana kama sahani.
Alikanyaga mara tatu. Mara ya nne
alikuwa amekaa, anatafuta miwani.

Simu ya kwanza ilitoka Same.
"Fundi, rejeta inalia. Ndiyo nchi ya kwanza hii?"
Nikamwelekeza. Mpira, klipu, maji yasiwe ya chumvi.

Ya pili ilitoka Makambako, alfajiri.
Hakuwa na tatizo. Alisema kuna baridi,
alisema chai imechemka,
alisema ngazi inateleza kwa umande.

Nimeweka kando kipande cha bati lenye vipele.
Kuku wanatagia chini ya ile injini ya petroli.
Ndekirwa anauliza tuiuze lini.
Namwambia, kwanza arudi.