Ungo Usiurudishe

Paivi, barua yako imefika Lupembe imelowa kona moja,
huku mvua haina likizo, unajua.
Nimeisomea jikoni kwa mwanga wa moto,
na miwani ile uliyonipa,
mguu wake mmoja nimeufunga kwa uzi.
Unauliza: urafiki wetu ulianza lini hasa?
Unadhani ni siku ile ya masweta.

Hapana, dada.
Siku ya masweta tulipanga mstari mbele ya kanisa,
ukatoa, tukapokea, tukapiga makofi,
kila mtu akarudi kwake na asante yake imekamilika.
Asante ikikamilika haina kazi tena.
Mwaka mzima ulikaa kwenye kiti, sisi mkekani,
ukisema "Kamwene" kwa sauti ya mtu anayesoma bango,
tukiitika,
na nyuma yako watoto wakiigiza unavyokanyaga matope
kama mtu anayeruka chungu cha uji.

Ulianza Juni, usiku wa sakitu,
ule uliobabua viazi vyote vya bondeni.
Kiberiti chako kilikuwa kimelowa.
Ukaja gizani na kandambili, pua nyekundu,
ukasimama mlangoni pangu, Kiswahili chote kimekukimbia:
"Mama Eliuta... moto. Naomba moto."
Nilicheka mpaka nikaona aibu.
Mtu amevuka bahari kutuletea nuru,
hana moto wa kuchemshia chai!
Nikakuwekea makaa matatu kwenye kigae.

Kesho yake nilimtuma Eliuta kwako kuazima sukari,
na kwa mara ya kwanza sikumwambia,
"Futa kamasi kwanza, ni kwa wageni."

Mchungaji Mlowe huhubiri sana juu ya kutoa.
Mimi humkumbuka Bwana pale kisimani, jua la utosi:
kwa yule mwanamke hakuanza na mahubiri,
alianza na kiu.

Lakini nisikupambe kupita kiasi.
Daftari nililiona. Lilikuwa wazi mezani, karibu na taa:
Mama Eliuta, sukari, kilo moja na nusu. Na tarehe.
Nusu, Paivi! Hata nusu uliiandika.
Wiki tatu nilizungukia njia ya mashamba ya chai
nisiuone mlango wako,
nawe kosa hukulijua, maana kwenu, ulinieleza baadaye,
kuandika ni heshima, mtu asibaki na mzigo.
Kwetu anayelipa haraka anaaga.

Kisha akafa kaka yangu Kiswaga.
Hukuja na hotuba.
Ulichota maji ndoo kwa ndoo, nusu ukiyamwaga njiani,
ukalala chini kwenye majani makavu, katikati yetu, katika moshi,
na usiku wa manane tulipoimba
maneno yetu hukuyajua,
ukaimba ya kwenu, sauti ya wimbo ni ileile.
Shangazi Ezelina, ambaye hapendi mtu,
alikusogezea nusu ya blanketi.

Daftari sikuliona tena. Sikuuliza.

Sasa unaniandikia kwamba ziwa la kwenu limegeuka sakafu,
watu wanatembea juu yake kama Petro
na hakuna anayeshangaa.
Na kwamba ulipofungasha ulibeba ungo wangu bila kujua,
unaona haya,
utampa mtu anayekuja Pasaka.

Usimpe.
Mahindi yangu napepetea ungo wa jirani,
naye anapata sababu ya kuja kuufuata, tunakaa, jua linazama.
Usiutundike ukutani kama pambo, nakuomba.
Pepeta kitu. Pepeta hata hiyo theluji.

Nami hapa ninayo sufuria yako,
ile yenye mfuniko usiooana nayo,
Eliuta aliiazima Jumanne moja, mwaka juzi.
Leo nimepikia kande.
Siirudishi.