Nati Aliyoikaza Valdis

Machi, na theluji bado imelala mlangoni mwa banda.
Skaidrīte amepiga magoti juu ya gunia
mbele ya mashine ya kuchimbua viazi,
anakwangua kutu kwa brashi ya waya
mpaka meno ya bolti yaonekane.

Mpwawe, Ojārs, keshachomeka bomba refu kwenye spana.
"Niachie. Mvuto mmoja tu."
"Utaikata shingo," anajibu bila kugeuka.
"Halafu tutatoboa chuma mpaka Juni."

Tone la mafuta. Jingine.
Anagonga kwa nyundo ndogo,
kama anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.
Wanakwenda kunywa chai.
Wanarudi. Bado.

Anawasha moto, anauzungusha kwenye nati peke yake,
bolti ibaki na ubaridi wake.
Anachukua spana ya pembe sita,
si ile iliyokwisha kula kona za nati ya jirani.

Kisha, badala ya kufungua, anakaza.
Kidogo, unene wa ukucha.
Ojārs anacheka.
Kaza, legeza. Kaza, legeza.
Ndani kitu kinalia kwii,
na vumbi jekundu linamwagika kiganjani.

Hii aliikaza Valdis, vuli ile ya mwisho,
kwa mkono wake usiojua kipimo.
Sasa inazunguka kwa vidole viwili tu,
na Skaidrīte anaizungusha
polepole kuliko inavyohitaji.

Beringi mpya inaingia. Bolti inapakwa grisi,
nati inarudi palepale, kona zake zote sita nzima,
inakazwa na mkono mwingine.